KIJANA, KADI YAKO IKO MKONONI MWA NANI?

Mpendwa kijana, usiikunje karatasi hii ukafungia karanga. Isome kwanza! Labda umeipokea hapa uwanjani. Labda umeipata stendi ya Bweri ukiwa juu ya bodaboda unasubiri abiria, au Mwigobero wakati magunia ya dagaa yanapakiwa, au Bunda mjini pale gari la Mwanza liliposimama watu wanunue maji. Popote ulipo, neno hili ni lako. Hatukuulizi unasali wapi, wala kama unasali. Tunakuuliza swali moja tu. Ile kadi ya benki, ile ya plastiki yenye jina lako, iko wapi SASA HIVI?

Mwingine atagusa mfuko wa suruali na kusema, ipo. Mwingine atacheka, maana hana hata akaunti. (Soma hivyo hivyo, ndugu yangu. Siku yako inakuja.) Lakini wako wengine, tena watu wazima, walimu, walinzi, wafanyakazi wa mgodini, ambao ukiwauliza swali hilo wanainamisha kichwa. Kadi haipo. Iko kwenye droo ya mkopeshaji, imefungwa mpira pamoja na kadi za wenzao, na juu yake kimebandikwa kikaratasi chenye namba nne. Mwisho wa mwezi mshahara unaingia, na anayetangulia kwenye mashine ya benki si mwenye mshahara.

Hilo ndilo jambo letu. Lakini mtu hawezi kuuona uzito wa kitu asichokijua, kwa hiyo tuanze na kadi yenyewe.

KADI SI MSHIKO

Vijana wakipata kadi husema, "Sasa nina mshiko!" Huna. Ivunje hiyo kadi vipande viwili uone kama itadondoka hata shilingi. Pesa iko benki, ndani ya akaunti. Kadi ni ushahidi tu kwamba wewe ndiwe mwenye akaunti ile. Unapoiingiza kwenye ATM, mashine husoma namba yake na kuiuliza benki yako: Huyu ni wenu? Namba ya siri aliyobonyeza ni yenyewe? Ana kiasi hiki? Benki ikijibu ndiyo, noti zinatoka na salio lako linapungua hapo hapo. Ikijibu hapana, utaondoka mikono mitupu hata ukiiomba mashine kwa machozi. Mazungumzo yote hayo huchukua sekunde chache tu.

Kadi ya namna hii hutumia pesa uliyokwisha kuiweka. Iko nyingine, kadi ya mkopo, ambayo mtu hutumia pesa ya benki halafu hudaiwa. Kadi mnazopewa wengi wenu hapa Mara ni za namna ya kwanza. Haiwezi kukupa kisichokuwamo. Ukivuna ulichopanda, ndicho unachokikuta.

Itazame vizuri. Mbele kuna namba ndefu, kwa kawaida tarakimu 16, na mwezi na mwaka ambao kadi inakwisha, na jina la mtandao wa malipo kama Visa, Mastercard au UnionPay. Kile kipande kinachong'aa kama dhahabu ni chipu, kompyuta ndogo kabisa. Nyuma kuna mstari mweusi wa sumaku, na namba nyingine tatu. Hizo tatu usizidharau! Mtu akizipata pamoja na namba za mbele na tarehe, aweza kujaribu kununua vitu kwenye intaneti bila kuishika kadi yako hata kidogo. Sasa kijana wetu anapata kadi mpya, anaipiga picha mbele na nyuma, anaiweka kwenye simu ili masela wajue naye ameula. Jamani! Huyo ana tofauti gani na mtu anayefunga mlango wake kisha anauning'iniza ufunguo kwenye kitasa?

Na hizo namba nne za siri zilitoka wapi? Watu wa Butiama mnaukumbuka mwaka 1967. Tarehe 5 Februari lilitangazwa Azimio la Arusha, na siku iliyofuata Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, akatangaza kuwa benki za kigeni zinakuwa mali ya umma. Barclays ilikuwa mojawapo. Kutokana na benki zile ikazaliwa Benki ya Taifa ya Biashara. Basi mwaka ule ule, tarehe 27 Juni, Barclays hiyo hiyo ilifungua huko Enfield, kaskazini mwa London, mashine inayotajwa mara nyingi kuwa ya kwanza duniani ya kutoa fedha. Aliyeibuni, John Shepherd-Barron, alitaka namba ya siri iwe na tarakimu sita. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba alimwuliza mkewe, Caroline, wakiwa jikoni. Mama akasema yeye anaweza kukumbuka nne tu. Zikawa nne! Hata leo mwalimu wa Bunda na mlinzi wa Musoma analindwa na tarakimu nne kwa sababu ya kumbukumbu ya mama mmoja wa Uingereza.

Namba nne hutoa michanganyiko 10,000, kuanzia 0000 mpaka 9999. Mwizi akiokota kadi yako hawezi kuijaribu yote, maana akikosea mara tatu kwa kawaida kadi hufungwa. Huo ni ukuta mzuri. Lakini ukuta huo unalinda siri. Ukishaitaja siri, hakuna ukuta tena.

JE, HII NI 666?

Tunajua wengi mmesikia. Tena mmesikia kwenye viwanja kama hivi. Miaka ya tisini ilisemwa kuwa chapa ya mnyama ni ile mistari myeusi iliyo kwenye pakiti za sabuni na biskuti. Baadaye ikasemwa ni kadi ya benki. Kisha ikawa chipu. Wakati wa UVIKO ikawa chanjo. Wapo wazee waliokataa kabisa kufungua akaunti, wakazika hela ndani ya ndoo, mchwa wakala.

Fungua Ufunuo 13, soma kuanzia mstari wa 15 mpaka 18, halafu uende sura ya 14 mstari wa 9. Alama ile inawekwa mwilini, kwenye mkono wa kuume au kwenye paji la uso, na wanaoipokea ni wale wanaomsujudia mnyama. Jambo la sura ile ni IBADA: unamwinamia nani. Kadi haiko mwilini, iko kwenye pochi. Haikuulizi unamwabudu nani. Ukiichoka unaikata kwa mkasi na kwenda sokoni Nyasho na noti zako, na hakuna atakayekataa kukuuzia sato. Hatusemi kwamba mambo ya siku za mwisho ni hadithi. La hasha! Tunasema usimpe Shetani sifa ya kazi iliyofanywa na mafundi.

Na sasa sikiliza kwa makini. Yuko kijana anayeiogopa namba 666 hata haigusi tiketi ya basi ikiwa na namba hiyo. Lakini kijana huyo huyo, siku ameishiwa, anachukua kalamu na kumwandikia mtu wa riba namba zake nne kwa mkono wake mwenyewe. Amekimbia chui wa kuchorwa, ameingia kwenye zizi la chui mwenye meno.

YUDA NA MBUZI MMOJA

Soma Mwanzo 38. Yuda, mwana wa Yakobo, mtu mkubwa mwenye mifugo, alikutana na mwanamke njiani asimtambue. Alitaka kitu SASA HIVI, na malipo hakuwa nayo. Akaahidi kuleta mwana-mbuzi. Mwanamke akataka rehani. Yuda akatoa nini? Muhuri wake, na kamba yake, na fimbo yake. Kwa mbuzi mmoja! Zamani zile muhuri ndio uliokuwa sahihi ya mtu. Palipopigwa muhuri wako, wewe mwenyewe ulikuwa umesema. Baada ya miezi mitatu vitu vile vitatu vililetwa mbele ya watu, na mtu mkubwa akabaki hana la kusema.

Tena soma 1 Wafalme 21, mstari wa 8. Yezebeli aliandika barua kwa jina la Ahabu, akazipiga muhuri wa Ahabu. Wazee wa mji walipozipokea hawakuuliza kama mfalme anazijua. Muhuri ulikuwapo, yakatosha. Nabothi akapigwa mawe.

Kadi na namba ya siri ndio muhuri wa siku hizi. Benki haioni uso wako. Haijui kama anayebonyeza ni wewe au ni mtu mwenye kofia aliyebeba kadi ishirini mfukoni. Namba ikiwa sahihi, benki inahesabu kwamba NI WEWE. Ndiyo maana mkopeshaji akitoa laki tatu badala ya laki mbili mlizopatana, ukaenda kulalamika, swali la kwanza utakaloulizwa ni hili: namba yako ya siri aliipata wapi? Hapo ulimi unakauka. Uliyekuwa mwenye haki sasa umekuwa mwenye kosa, kwa sababu kuilinda namba ile ni sharti ulilotia sahihi siku unafungua akaunti.

JIWE LA KUSAGIA

Bibi zetu walisaga ulezi na mtama juu ya jiwe. Kila nyumba ilikuwa na lake. Ukimnyang'anya mama jiwe la kusagia hujachukua jiwe, umechukua ugali wa jioni ile na jioni zote zinazofuata. Sheria ya Musa ililijua jambo hili. Kumbukumbu la Torati 24:6 inakataza kabisa kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, la juu wala la chini, kwa sababu atakayelichukua amechukua uhai wa mtu. Na Kutoka 22:26 inasema ukichukua vazi la maskini kuwa rehani, mrudishie kabla jua halijazama, maana ndilo blanketi lake.

Mungu hakukataza watu kukopeshana. Alikataza kumshika mtu mahali anapopatia chakula. Mkopeshaji akichukua redio yako, umekosa redio. Akichukua kadi yako, ameshika jiwe la kusagia. Kila mwezi yeye ndiye anayesaga kwanza, wewe unasubiri pumba.

Hebu tupige hesabu, maana wengi hawaipigi. Tuseme umekopa shilingi 200,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Kila mwezi riba ni 60,000. Ukilipa riba peke yake kwa miezi sita, umetoa 360,000, na zile 200,000 bado unadaiwa zote! Sasa linganisha. Kwa wakopeshaji wenye leseni wasiopokea amana, Benki Kuu iliweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 200,000 hizo hizo ni 7,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 42,000. Tofauti ya 42,000 na 360,000 ni mbuzi wangapi pale mnadani? Vijana wameipa mikopo ya namna ile jina lake halisi, kausha damu. Jina hilo halikutungwa na mhubiri.

Nehemia 5 inasimulia watu waliokuwa wameweka rehani mashamba na nyumba zao ili wapate nafaka, wengine wamefikia kuwatoa watoto wao. Nehemia alikasirika sana. Aliwaita wakubwa mbele ya mkutano, akawaambia warudishe mashamba na ile sehemu ya mia waliyokuwa wakiwatoza. Sehemu MOJA ya mia! Sisi tunazungumza habari ya thelathini, na watu wanaita biashara.

Serikali nayo haikunyamaza. Iko Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na kukopesha kwa biashara bila leseni ni kosa. Viongozi wamekemea mara nyingi tabia ya kuwanyang'anya walimu kadi zao za benki, na TAKUKURU katika mikoa kadhaa imewahi kuwarudishia wastaafu fedha zilizochukuliwa na wakopeshaji wa riba. Kwa hiyo anayekuambia "lete kadi na namba, ndiyo utaratibu," mwambie aonyeshe huo utaratibu umeandikwa wapi, na leseni yake akaitundike ukutani uione.

UKIWA NA YA KWAKO

Wewe unayeanza, labda umeajiriwa juzi, labda uko chuo cha Buhare au chuo cha ualimu Bunda, shika haya.

Siku unapewa namba ya siri na benki, ibadilishe. Usiweke mwaka wako wa kuzaliwa. Usiweke 1234, maana mwizi naye alisoma darasa la kwanza. Usiiandike kwenye kadi, wala ndani ya kava la simu. Mfanyakazi wa kweli wa benki hahitaji kuijua. Akipiga mtu simu, hata akijua jina lako lote na tawi lako, akataka namba hiyo, ni mwizi. Kata simu.

Kwenye mashine, funika vidole kwa mkono mwingine hata kama nyuma yako yuko mama mchungaji. Wapo wanaosimama karibu na ATM wakiwa wamevaa vizuri, wanaona mzee anahangaika, wanasema, "Baba, nikusaidie?" Wanaichukua kadi, wanaiingiza, wanaona namba, kisha wanamrudishia kadi inayofanana, si yake. Mzee anafika Butiama jioni ndipo anagundua. Kama hujui, ingia ndani umwulize mhudumu. Kuuliza si ushamba. Na wewe kijana, ukimpeleka baba yako mjini, mfundishe abonyeze mwenyewe. Usimbonyezee.

Makato yapo, tusifichane. Kutoa pesa kwenye mashine ya benki yako kuna ada, na kwenye mashine ya benki nyingine ada huwa kubwa zaidi, kwa hiyo anayetoa elfu kumi mara tano analipa mara tano. Mashine hutoa noti za elfu kumi, nyingine na za elfu tano, hivyo zile shilingi chache za mwisho zitabaki humo. Duka likiwa na mashine ya malipo, unalipa kiasi kamili, na mara nyingi mnunuzi hakatwi kitu. Lakini tazama kiasi kilichoandikwa kwenye kioo KABLA ya kubonyeza namba, na kadi isiondoke machoni pako kwenda chumba cha nyuma. Kijijini kusiko na ATM wako mawakala. Hapo nako namba unabonyeza mwenyewe, humtajii wakala.

Na wewe usiye na kadi, pesa yako iko kwenye simu, si ndiyo? Simu hiyo nayo ina namba ya siri. Yote tuliyosema ni yako pia. Mpenzi wako akikuambia kama unanipenda nipe namba yako, mnunulie soda.

KAMA KADI IKO KWENYE DROO

Sasa tuje kwako wewe uliyeinamisha kichwa mwanzoni. Hatukuhukumu. Mtoto alikuwa anaumwa, au ada ilikuwa inadaiwa, au ilikuwa arusi ya dada, na ndugu wote walisema hawana. Kilichofanyika kimefanyika. Mithali 6, mistari mitano ya kwanza, inamwambia mtu aliyenaswa kwa maneno ya kinywa chake afanye nini. Haimwambii akae alie. Inamwambia asiyape macho usingizi, ajiponye kama paa mkononi mwa mwindaji.

Kadi ile ni yako. Hata ikiwa kwenye droo ya mtu, nguvu yake inatoka benki, na benki ikiambiwa na mwenye akaunti kwamba kadi ifungwe, itafungwa. Kile kipande cha plastiki kitabaki huko kikiwa hakina kazi. Utapewa kingine, kwa ada kidogo, na namba mpya ya siri ambayo hakuna anayeijua ila wewe.

Deni halifutiki kwa kufanya hivyo, na usimdanganye mtu kwamba limefutika. Ulichokopa, lipa. Nenda kwa mkopeshaji na shahidi, mzee wa familia au mjumbe wa mtaa, mwandike ulichochukua, ulichokwisha kulipa na kilichobaki, mtie sahihi wote wawili. Lipa kwa mkono wako, uchukue risiti. Akikutishia, au akidai mara tatu ya ulichokopa, polisi wapo na TAKUKURU ipo. Benki Kuu nayo ina tawi Mwanza. Uende na ile karatasi ya hesabu.

Fanya hivi kabla mshahara mwingine haujaingia. Chukua kitambulisho chako cha NIDA na namba ya akaunti. Kama unatoka Kiabakari au Butiama, panda gari la mapema, kwa maana benki nyingi hufungua saa 2:30 asubuhi, na mwisho wa mwezi foleni huwa ndefu.